Kwa nini jiko la induksheni linaikataa sufuria ya alumini?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro. Amenunua jiko la umeme la kioo, lile la kuweka mezani, lenye neno ambalo mafundi wetu hulitamka "induksheni". Akiweka sufuria yake ya alumini jiko linalia pii, pii, linaonyesha herufi E, kisha linajizima. Fundi aliyemwita amemwambia kwamba alumini "haipitishi induksheni". Mwanawe wa kidato cha nne amebisha: darasani wamefundishwa induksheni kwa sumaku na koili ya waya wa shaba, na shaba haivutwi na sumaku, sasa alumini ina kosa gani? Dada anataka kujua neno hilo lina maana gani hasa, nani kati ya hao wawili yuko sahihi, na kama alirudishe jiko dukani.

Dada yangu, mwanao yuko sahihi. Fundi naye hakukosea yote, maana sufuria hiyo kweli haitapika kitu juu ya jiko hilo. Alichokosea ni sababu. Alumini inapokea induksheni vizuri kabisa, na mkondo wa umeme unatiririka ndani yake kwa urahisi kuliko ndani ya chuma. Kinachokosekana ni joto. Induksheni na joto ni mambo mawili tofauti, na jina la jiko limetaja moja tu.

Induksheni ya sumakuumeme ni hivi: uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyoenea kuizunguka, unaopita ndani ya kipitishi cha umeme ukibadilika, ndani ya kipitishi hicho huzuka msukumo wa umeme, ule tunaoupima kwa volti. Kukiwa na njia iliyofungwa, mkondo hutiririka. Njia ikiwa imekatika, volti zipo ila mkondo haupo. Shikilia hapo kwenye "ukibadilika", kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wanapopotezea alama. Sumaku hata iwe kubwa namna gani, ikilala kando ya waya mwaka mzima bila kusogea haizalishi chochote. Ama sumaku isogee, ama waya usogee, ama nguvu ya sumaku yenyewe iwe inapanda na kushuka. Na kadiri mabadiliko yanavyokuwa ya haraka, ndivyo volti zinavyokuwa nyingi.

Aliyeliona jambo hili na kulieleza ni Michael Faraday, London, tarehe 29 Agosti 1831. Alichukua pete ya chuma laini, akazungushia waya wa shaba upande mmoja na waya mwingine upande wa pili, nyaya mbili zisizogusana. Wa kwanza aliuunga kwenye betri, wa pili akaufikisha karibu na sindano ya sumaku. Alipounga betri sindano ilishtuka, ikarudi kutulia. Betri ikiwa imeungwa na mkondo unapita muda wote, sindano ilibaki kimya. Alipoikata, ikashtuka tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Mtu asiye makini angeona mshtuko huo ni hitilafu ya kuunganisha nyaya. Faraday aliona kwamba mshtuko ndio habari yenyewe: umeme wa upande wa pili unazaliwa pale tu sumaku ya upande wa kwanza inapoanza au inapokufa. Marekani, Joseph Henry alikuwa akifanya majaribio ya aina hiyo hiyo huko Albany wakati huo huo, ila Faraday alitangulia kuchapisha. Ile pete yake ndiyo transfoma ya kwanza. Zile zilizoning'inia kwenye nguzo za mtaa wako ni wajukuu zake.

Sasa angalia: waya wa Faraday ulikuwa wa shaba. Miaka saba kabla yake, mwaka 1824, Mfaransa François Arago alikwishaona kwamba akizungusha sahani ya shaba chini ya sindano ya dira, sindano inaifuata sahani, japo shaba haivutwi na sumaku kabisa. Hakuna aliyejua sababu mpaka induksheni ilipoeleweka. Sahani ikizunguka, uga wa sindano unabadilika kila mahali ndani ya shaba, mikondo ya umeme inazuka humo na kujizungusha kama maji yanavyojizungusha nyuma ya kasia, na mikondo hiyo inatengeneza sumaku yake inayoivuta sindano. Mwaka 1855 Mfaransa mwingine, Léon Foucault, alizungusha sahani ya shaba katikati ya ncha za sumaku kubwa akaona inakuwa nzito kuzungusha, na inapata moto. Hadi leo Wafaransa wanaiita mikondo hiyo kwa jina lake. Mimi hapa nitaiita mikondo ya kujizungusha, kwa sababu ndivyo inavyofanya.

Mwanao anaweza kukuonyesha kwamba alumini haikatai induksheni, tena papo hapo jikoni. Atafute sumaku yenye nguvu, ile ndogo inayong'aa iliyomo ndani ya diski kuu ya kompyuta iliyokufa. Ainamishe ubao, aiteremshe sumaku: itateleza hadi chini mara moja. Kisha ainamishe bamba nene la alumini, au mfuniko mzito wa sufuria ile ya kumimina, aiteremshe tena. Itashuka polepole, kama imepakwa gundi, wakati haivutwi na alumini hata kidogo. Sumaku inaposhuka, uga wake unabadilika ndani ya alumini, mikondo ya kujizungusha inazuka, na mikondo hiyo daima inapinga mabadiliko yaliyoizaa. Kanuni hiyo ya kupinga ilitolewa na Heinrich Lenz wa Urusi mwaka 1834, na bila shaka mwanao ameikariri. Ajaribu kuigusa kwa kidole, haitamtoka tena.

Na alumini hiyo hiyo inafanya kazi ya induksheni kila siku mbele ya macho yetu. Ukienda kwenye mashine ya kusaga nafaka, mota inayozungusha kinu karibu kila mara ni mota ya induksheni, uzao wa kazi ya Galileo Ferraris wa Italia na ya Nikola Tesla aliyepewa hataza zake Marekani mwaka 1888. Sehemu inayozunguka ndani yake haina waya wowote unaoingiza umeme. Ina fito, na katika mota nyingi za ukubwa huo fito hizo ni za alumini iliyomiminwa. Koili za nje zinatengeneza uga wa sumaku unaozunguka, uga huo unazusha mkondo ndani ya fito za alumini, na mkondo huo unasukumwa na uga ule ule mpaka mhimili unazunguka.

Soma kibati cha mota hiyo. Kwa umeme wetu wa hezi 50, yaani unaojirudia mara 50 kwa sekunde, mota yenye ncha nne za sumaku ina uga unaozunguka mara 1,500 kwa dakika, lakini kibati kitakuambia 1,440 au 1,450. Pengo hilo si uzembe wa kiwanda. Fito zingeufikia uga na kwenda nao sambamba, zisingeona uga wowote ukibadilika. Mkondo ungekufa na nguvu ingekwisha. Ni lazima mhimili ubaki nyuma kidogo ndipo induksheni iendelee. Kila mwanafunzi aliyewahi kuniuliza "kubadilika kuna umuhimu gani" nimempeleka kwenye kibati cha mota.

Hata zile mita za zamani za umeme, kabla ya kuingiza tokeni, zilikuwa na kisahani kinachozunguka nyuma ya kioo. Kisahani hicho kilikuwa cha alumini. Koili mbili zilikisukuma kwa induksheni, na sumaku ya kudumu pembeni ilikipunguza kasi, nayo kwa induksheni. Alumini ilichaguliwa kwa sababu ni nyepesi na inapitisha umeme vizuri. Kwa hiyo kusema kwamba alumini haipitishi induksheni ni kusema kwamba mita zile zilikuwa zikisimama.

Tuje kwenye jiko. Chini ya kioo kuna koili bapa ya waya, imejiviringa kama mkeka wa duara. Umeme wa ukutani unabadili mwelekeo kwa hezi 50, na kwa kupikia kasi hiyo ni ndogo mno. Jiko kwanza linaunyoosha umeme huo, kisha transista zake, yaani swichi ndogo za kielektroniki, zinaukatakata na kuurusha ndani ya koili mara 20,000 na zaidi kwa sekunde. Tuchukue 24,000, ambayo ni ya kawaida kwa majiko haya. Hiyo ni mara 480 ya kasi ya umeme wa ukutani, kwa hiyo na volti zinazozuka kwenye kitako cha sufuria ni mara 480 ya zile ambazo uga huo huo ungezusha kwa hezi 50. Kuvuka 20,000 kuna faida nyingine pia: masikio ya binadamu hayasikii kitu kikubwa juu ya hapo, vinginevyo jiko lingekupigia filimbi mpaka ugali uive. Mvumo unaousikia ni wa feni, na wakati mwingine ni wa kitako cha sufuria chepesi kinachotetemeka.

Kitako cha sufuria ni njia iliyofungwa. Mikondo inajizungusha humo, na hapo kazi ya induksheni imekwisha. Kinachofuata ni kazi ya ukinzani, yaani jinsi metali inavyouzuia mkondo kupita. Mkondo ukipita mahali penye ukinzani, joto hutoka, na joto hilo ni mkondo kuzidisha mkondo kuzidisha ukinzani. Hesabu hiyo ni ya James Joule wa Uingereza, aliichapisha mwaka 1841. Kwa hiyo jiko lako lina sheria mbili ndani yake, ya Faraday inayozaa mkondo na ya Joule inayozaa joto, na sufuria ya alumini inafaulu ya kwanza na kufeli ya pili.

Kwa nini inafeli? Sababu ya kwanza ni nyepesi. Alumini inapitisha umeme vizuri mno, na chuma cha kawaida kina ukinzani wa takriban mara sita ya wa alumini. Viganja vilivyopakwa mafuta ukivisugua havipati joto kama viganja vikavu. Mkondo ndani ya alumini unateleza hivyo.

Ila mara sita peke yake haitoshi kueleza sufuria iliyobaki karibu baridi. Sababu ya pili ndiyo nzito, nayo ndiyo inayoileta ile habari ya kuvutwa na sumaku. Umeme unaobadilika kwa kasi hauenei ndani ya metali yote. Unakimbilia juu, kwenye ngozi ya metali. Kwa hezi 24,000, ndani ya alumini umeme unashuka kama nusu milimita. Ndani ya chuma, kwa kuwa chuma kinakusanya uga wa sumaku mara mamia kuliko alumini, mabadiliko hayo yanapingwa kwa ukali zaidi, na umeme unabanwa kwenye tabaka la kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Njia ya mkondo imekuwa nyembamba mara tano. Ukinzani mara sita, wembamba mara tano: chuma kinatoa joto mara 30 hivi ya alumini kwa mkondo ule ule. Chuma cha pua cha aina inayovutwa na sumaku kinazidi hapo, kinafika kama mara 60, kwa sababu ukinzani wake wenyewe ni mkubwa zaidi.

Kwa hiyo koili iliyopangwa kutoa wati 2,000 ndani ya sufuria ya chuma, ukiipa alumini kwa mkondo ule ule itatoa chini ya wati 100. Tena koili yenyewe itakuwa inapata moto kwa kazi isiyolipa. Jiko linalitambua hilo: alumini inausukuma uga wa koili urudi ulikotoka, saketi inajiona imebadilika, na chipu inakata umeme kabla transista hazijaungua. Ile pii, pii ndiyo hiyo. Jiko halijaharibika, wala halihitaji kufunguliwa, fundi akikuambia lolote.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni karatasi ya alumini, ile foili ya kufungia nyama. Ni alumini, haivutwi na sumaku, na bado ikiwekwa juu ya jiko linalofanya kazi inaweza kupata moto hadi kuyeyuka. Unene wake ni kama sehemu 16 za elfu moja za milimita, yaani nyembamba mara 30 na zaidi kuliko ile nusu milimita ambayo mkondo ungependa kuitumia. Mkondo umebanwa kwa nguvu, si kwa sumaku bali kwa uhaba wa metali, na ukinzani wake unakwenda kulingana na wa chuma. Usilijaribu hili nyumbani. Foili ikiyeyuka inagandamana na kioo, na kioo hicho kukibadilisha ni gharama inayokaribia jiko jipya. Lakini mwambie fundi, halafu umuulize kama bado anaamini alumini haipitishi.

Utaona basi kwamba sumaku ya kupimia sufuria si kiini cha jambo. Ni kipimo rahisi tu, kwa sababu metali zinazovutwa na sumaku ndizo zinazoubana mkondo kwenye ngozi. Chungu cha udongo na bakuli la kioo vinafeli kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ya alumini: humo volti zinazuka, ila hakuna njia, mkondo haupiti. Joto linataka ukinzani wa katikati, si mdogo kama wa alumini nene wala si mkubwa kama wa udongo.

Je, haiwezekani kutengeneza jiko linalopika kwa alumini? Inawezekana. Japani yamekuwa yakiuzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yanapandisha kasi ya umeme ili ngozi ya alumini iwe nyembamba zaidi, na yanatumia koili yenye mizunguko mingi ili kusukuma mkondo mkubwa. Waliokuwa wakiyabuni walikutana na shida ya kuchekesha: mkondo mkubwa ndani ya alumini unapingana na uga wa koili kwa nguvu, na sufuria nyepesi inaanza kuinuka na kuteleza juu ya kioo. Ni Lenz tena. Majiko hayo ni ya bei kubwa, na katika maduka yetu mengi hutayaona.

Kwa mwanao nina neno moja la pembeni kabla hajaingia kwenye chumba cha mtihani. Atalikuta neno induksheni likitumika mahali kwingine kusiko na sumaku inayobadilika. Kuna induksheni ya umeme tuli, pale fimbo yenye chaji inapokaribishwa kwenye mpira wa metali na chaji za mpira zikajipanga upya bila kuguswa. Hiyo haihitaji sumaku, na haihusiani na Faraday wa pete. Vilevile vitabu vya zamani vinauita uga wa sumaku wenyewe, ule unaopimwa kwa tesla, "induksheni ya sumaku". Akilikuta hivyo asome sentensi nzima: ikitaja volti na mabadiliko ni ya Faraday, ikitaja tesla ni kipimo cha uga. Induktansi nayo ni tabia ya koili ya kujipinga yenyewe mkondo wake unapobadilika. Ni ndugu wa karibu, ila si yeye.

Sasa jiko lako. Chukua sumaku yoyote, hata ya spika iliyokufa, upite nayo jikoni. Iguse kwenye kitako cha chombo, si ubavuni, kwa sababu sufuria nyingi za siku hizi zina kitako cha metali tofauti na ubavu. Ikishika kwa nguvu, chombo kinafaa. Ikishika kwa kusitasita, kitapika lakini kwa uvivu. Isiposhika, weka kando. Chuma cha chapati kitafaa, na kikaango kizito cha chuma cha kumimina kitafaa sana. Watu wengi husahau vyombo vya enameli: lile birika la zamani lenye maua, na sufuria nyeupe zenye ukingo wa buluu. Ndani ya ule mng'aro kuna chuma, na jiko linavipenda. Sufuria za chuma cha pua ndizo zinazodanganya. Zile zenye nikeli nyingi haziivuti sumaku, na muuzaji atakuapia kwamba "stenlesi zote zinafanya kazi". Nenda dukani na sumaku mfukoni, hutahitaji kuamini kiapo cha mtu.

Wapo wanaouza bamba la chuma la kuweka kati ya jiko na sufuria ya alumini. Linafanya kazi, kwa maana kwamba bamba litapata moto na kuupeleka kwenye sufuria kwa kugusana. Mimi silipendi. Faida ya jiko hili ni kwamba joto linazaliwa ndani ya kitako chenyewe, ndiyo maana takriban asilimia 85 ya umeme unaolipia inaishia kwenye chakula. Ukiweka bamba katikati umelirudisha kuwa jiko la kawaida la waya wa moto, tena yenye kioo kinachochemka chini yake, na kihisi cha joto kitakuwa kinalizima kila mara.

Ukitaka hesabu ya luku: lita mbili za maji kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka zinahitaji karibu kilojuli 630, yaani sehemu 17 na nusu za mia ya yuniti. Kwa ufanisi wa asilimia 85 utatumia yuniti 0.2 hivi, na jiko la wati 2,000 litamaliza kwa dakika sita na ushei. Jirani yako akikutisha kwa habari ya mionzi, uga wa koili unapungua haraka sana ukiondoka sentimita chache juu ya kioo, na kasi yake ni ndogo mno kuweza kuvunja kitu ndani ya chembe za mwili kama eksirei inavyoweza. Mtu mmoja tu namwambia achukue tahadhari: mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo akae umbali wa kama sentimita 60, na amuulize daktari wake.

Kuhusu kulirudisha. Serikali imepanga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na maduka yamejaa vioo vyeusi vinavyofanana kama mapacha. Vingine si vya induksheni kabisa. Ni vya mwanga wa joto, vina waya unaowaka mwekundu chini ya kioo, na hivyo vinapokea chombo chochote, alumini na udongo pia, ingawa vinapoteza joto zaidi na kioo chake kinabaki cha moto kwa muda mrefu. Wauzaji wengi wanaviita vyote kwa jina moja. Kama nyumba nzima ina alumini tupu na bajeti ya sufuria mpya haipo, omba wakubadilishie upate hicho cha mwanga, au jiko presha la umeme, ambalo linakuja na sufuria yake ya ndani na linafaa zaidi kwa maharage na makande. Lakini ikiwa sumaku itashika vyombo viwili tu, kimoja cha maji na ugali, kingine cha mboga, baki na ulichonacho. Sufuria za alumini ziache kwenye mkaa na gesi, na risiti ya dukani itunze mpaka upike wiki ya kwanza.